Kabla ya Utepe Kukatwa

Nchi inayosimuliwa hapa haifanani na nchi ya msomaji, na akiona mahali inapofanana, ajue ni macho yake. Ina milima kiasi, mito kiasi, na serikali nyingi. Ina Wizara ya Afya, ya Barabara na ya Elimu kama nchi nyingine, lakini iliyo kubwa kuliko zote, yenye jengo refu na magari meusi, ni Wizara ya Uzinduzi.

Kazi ya wizara hiyo ni kukata utepe. Sheria ya Uzinduzi, ambayo watoto wetu huikariri kabla ya jedwali la kuzidisha, inasema kwamba kitu chochote cha manufaa kwa umma ambacho hakijazinduliwa na mgeni rasmi hakipo. Haisemi kwamba hakiruhusiwi. Inasema hakipo. Wanasheria wetu wameisifu kwa ufupi wake.

Chukua daraja la Mto Kengewa, wilayani Bondeni. Lilimalizika zamani. Zege limekauka, taa zimefungwa, na utepe umekatiza kutoka nguzo hadi nguzo kumsubiri mgeni rasmi, ambaye hajapata nafasi. Kwa hiyo watu huvuka mto chini yake, maji kiunoni, viatu mkononi, na jua likiwa kali hulishukuru daraja kwa kivuli. Juu yuko askari anayelinda utepe. Mtu mmoja aliwahi kupita huko juu kwa kificho akateleza akaanguka. Ripoti ya polisi iliandika kwamba alianguka kutoka hewani, na familia yake ikashauriwa isilalamike sana, maana watu wanaoanguka kutoka hewani hufikiriwa vibaya na majirani.

*

Katika wilaya hiyo aliishi Mwatime Chakaya, mfamasia kwa kusomea na mwandishi wa programu za kompyuta kwa kupenda. Kaka yake alikuwa mkata miwa. Shamba la miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa, na nyoka waliookoka moto hujificha kwenye mashina, ambako ndiko mikono ya wakataji huingia. Kaka yake aliumwa. Alipelekwa zahanati ya karibu, ambako sindano ya nyoka ilikuwa imekwisha. Akapelekwa nyingine, ikawa imekwisha. Akafia njiani kwenda ya tatu, ambako, ilikuja kujulikana baadaye, nako ilikuwa imekwisha. Zahanati moja upande wa pili wa bonde ilikuwa na sindano kabati zima, zikikaribia kuharibika kwa kukosa wagonjwa.

Mwatime aliona kwamba kaka yake hakuuawa na uhaba wa dawa, bali na uhaba wa habari. Akaandika programu. Kila jioni nesi anaandika kwenye simu yake kama sindano ipo au haipo. Programu inachora ramani ya wilaya: penye dawa pana nukta ya kijani, pasipo na dawa pana nukta nyekundu. Hakuna zaidi. Waliomsaidia walikuwa watu wa kujitolea, kila mmoja akiwa na kazi yake ya mchana, na programu yenyewe waliiacha wazi, kila mstari wake, ili yeyote aisome, ainakili, airekebishe, ampe mwenzake.

"Ni kama mapishi ya pilau," alieleza Gwakisa, fundi redio aliyekuwa mmoja wao. "Jirani akinakili mapishi yako, sufuria yako haipungui."

Zahanati chache zilianza kuitumia. Ya kwanza ilikuwa ya Kichangani, ya nesi Sijaona, mwanamke mwenye miguu iliyovimba kwa kusimama na ulimi usiovimba kamwe. Ndiye aliyetoa wazo la siku ya maonyesho.

"Nesi haamini waraka, mdogo wangu," alimwambia Mwatime. "Nyaraka tunafungia maandazi. Mwite, mkalishe, mpe simu mkononi abonyeze mwenyewe. Akiona nukta ya kwao, hatasahau."

Wakapanga. Jumamosi moja kabla ya msimu wa miwa, ukumbi wa shule ya msingi, chai, mihogo ya kuchemsha, manesi wa bonde lote. Kila nesi arudi kwao akiwa na programu kwenye simu yake kabla moshi wa kwanza haujapanda mashambani. Mtu wa kutandaza nyaya alipatikana, wa kuazima sufuria akapatikana.

Kisha Mwatime akafanya kosa ambalo mtu mwadilifu tu angelifanya. Aliomba kibali cha ukumbi.

*

Jibu halikuja kwa barua. Alikuja Ndugu Lutufyo Mapembe, Katibu wa Uzinduzi wa wilaya, mtu mnene mwenye sauti laini na kitambaa cheupe cha kufutia jasho. Alisema "sisi" hata alipokohoa. Mkononi alishika ala ya mahameli yenye mkasi wa dhahabu, ambao hakuuacha nyumbani hata alipokwenda kunyolewa.

"Mgeni rasmi ni nani?" aliuliza.

"Hatuna, mzee. Ni watu wa kujitolea wanaonyeshana kazi."

"Anayefungua shughuli ni nani?"

"Atakayewahi kufika. Ufunguo anao mlinzi."

Mapembe alimtazama kama daktari anayetazama picha ya mapafu mabovu.

"Na hiyo programu ni mali ya nani?"

"Ya wote."

"Ya wote ni ya Serikali."

"Serikali inaweza kuichukua, mzee, kama mtu mwingine yeyote. Itachukua nakala, na wengine watabaki na zao."

"Serikali ikichukua kitu, binti yangu, wengine hawabaki na zao." Alilisema hilo bila ukali, kama mtu anayeeleza tabia ya mvua. "Sasa inatumika?"

"Kwa zahanati chache. Watu walioumwa wakati wa palizi walipelekwa moja kwa moja penye dawa. Wote wamepona."

"Kabla ya uzinduzi?"

"Ndiyo."

"Basi wamepona kwa kitu ambacho hakipo," alisema Mapembe, na akajifuta shingo. "Hilo sisi tutawasamehe, kwa kuwa hawakujua."

Kisha akatoa pendekezo lake, na ni lazima kukiri kwamba lilikuwa zuri. Programu izimwe mara moja. Kompyuta inayoiendesha ikae ofisini kwake chini ya utepe. Jumamosi ileile, katika siku ileile ya maonyesho, Mheshimiwa Waziri wa Uzinduzi atakuja mwenyewe kukata utepe, na baada ya hapo amri itatolewa kwa kila zahanati ya nchi nzima kuitumia. Si ya bonde tu. Ya nchi.

Gwakisa alimvuta Mwatime pembeni. "Dada, mtu akikwambia uzime kibatari ili akuletee umeme, mwulize kwanza waya uko wapi."

"Ni siku chache, Gwakisa. Msimu haujaanza. Sisi tungechukua miaka kuifikisha nchi nzima."

"Mimi nimesema nilichosema."

Mwatime aliizima kwa mkono wake. Askari akaifunga kompyuta kwa utepe, akamalizia kwa fundo zuri lenye masikio mawili juu, kama zawadi ya harusi.

*

Kazi ya maandalizi sasa ilichukuliwa na watu wanaoijua. Iliundwa Kamati ya Maandalizi chini ya Mapembe, ikazaa Kamati Ndogo ya Utepe, Kamati Ndogo ya Meza Kuu, Kamati Ndogo ya Makofi, na Kamati Ndogo ya Nyoka, ambayo jukumu lake lilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna nyoka atakayejitokeza mbele ya Mheshimiwa na kuharibu maana ya siku. Iliundwa pia Kamati ya Kujitolea. Wajumbe wake walilipwa posho kwa kujitolea, na kwa kuwa watu wa akina Mwatime walijitolea bure, ilionekana hawana sifa za kuingia. Wao walipewa kupanga viti.

Vikao vilifanyika katika ukumbi wa hoteli, na ramani ya karatasi ya zahanati, ambayo manesi waliichora kwa kutembea ili programu ipate pa kuanzia, ilitandikwa mezani iwe kitambaa. Kamati ya Utepe ilikaa mchana kutwa kujadili upana. Wajumbe waliokula kuku walipangusa vidole kwenye kona ya kaskazini, hata zahanati zote za huko zikazama katika mafuta. Mjumbe mmoja mwenye bidii aliuliza kama nyoka aliyeuma mtu kabla ya uzinduzi ahesabiwe kuwa nyoka. Swali lilipelekwa ngazi ya juu.

Siku ya mazoezi Mwatime aliitwa aonyeshe kwa picha jinsi ramani itakavyoonekana. Mapembe aliitazama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipoteza ulaini.

"Hizi nyekundu ni nini?"

"Zahanati zisizo na dawa, mzee."

"Ziko nyingi."

"Ziko kama zilivyo."

"Mheshimiwa hawezi kukata utepe wa kitu chenye nyekundu. Ni kana kwamba anazindua upungufu. Weka kijani."

"Pote?"

"Pote. Pasipo na dawa ina maana dawa iko njiani. Kilicho njiani kipo."

"Mgonjwa atakwenda pasipo na dawa."

"Atakwenda akiwa na matumaini," alisema Mapembe. "Sasa hivi anakwenda bila hayo. Hamwoni kwamba tunaboresha?"

Mwatime alikataa kubadilisha hata nukta moja. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba ramani ya uongo ni mbaya kuliko kukosa ramani, kwa sababu asiye na ramani huuliza njia. Mapembe alimshukuru kwa mchango wake, akampa kazi hiyo mpwa wake, aliyekuwa na kipaji cha kuchora kadi za harusi.

Jumamosi ikafika, na Mheshimiwa hakufika. Alikuwa ameitwa kuzindua mochwari ya mkoa, ambayo, taarifa ilisema, isingeweza kungoja. Siku ikasogezwa. Safari ya pili alikuwa akizindua Wiki ya Uzinduzi. Ikasogezwa tena. Mihogo ya wajitolea ikaota ukungu. Kabla ya tarehe mpya kufika, moshi ukapanda mashambani, mweusi na mnyoofu, na msimu wa miwa ukaanza.

*

Simu ya Sijaona ilikuja asubuhi.

"Mwatime, washa kitu chako."

"Kiko chini ya utepe, dada."

"Nina kijana hapa, Mashaka Lyoba. Mkono umevimba mpaka begani na ufizi unatoa damu. Mimi sina sindano. Niambie nani anayo."

Mwatime hakuweza kumwambia. Hata angekimbia akakata utepe, ramani ingeonyesha habari za zamani, kwa kuwa tangu izimwe hakuna nesi aliyeandika chochote. Alimpigia Mapembe ambaye alikuwa katika kikao cha vitambaa vya meza.

"Mwambie nesi awe na subira," alinong'ona Mapembe. "Mheshimiwa amethibitisha Jumamosi."

Sijaona alipiga simu zahanati hadi zahanati. Nyingine hazikupokea, nyingine zilimwambia amwulize mganga mkuu, ambaye alikuwa kwenye mazoezi ya makofi. Mwishowe akamweka Mashaka kwenye tela la trekta kwenda hospitali ya wilaya, kwa sababu huko kulikuwa kumezinduliwa kabati jipya la dawa mwezi uliopita, kwa ngoma na nyimbo. Kabati lilikuwepo kweli. Lilikuwa zuri, la vioo. Dawa zilikuwa bado hazijazinduliwa, kwa hiyo hazikuwamo. Mashaka alifia mlangoni, mkewe Nyanzige akiwa ameshika kiatu kimoja cha mumewe, kilichomvuka kwenye tela.

Sindano ilikuwako Ng'ambo, zahanati iliyo upande wa pili wa daraja la Kengewa. Trekta lilipita karibu na utepe likienda upande mwingine.

Jioni Mwatime alikwenda ofisini kwa Mapembe. Alisema maneno machache.

"Niliizima kwa sababu uliniahidi."

"Na ahadi iko palepale," alisema Mapembe. "Sisi tumesikitika sana. Lakini tazama jambo hili kwa utulivu. Marehemu amefariki kabla ya uzinduzi. Kisheria, hakuna programu iliyoshindwa. Rekodi yake ni safi kabisa." Akamwangalia kwa huruma ya kweli. "Hilo lingepaswa kukufariji, binti yangu."

*

Kifo ndicho kitu pekee katika nchi yetu kinachoanza kutumika bila kuzinduliwa. Msiba hauhitaji kibali, hauna mgeni rasmi, na mtu haombi ukumbi. Watu hutandika mikeka wakaketi. Sijui kama waliotunga sheria walisahau au waliogopa.

Sijaona ndiye aliyeliona hilo. "Manesi wa bonde lote watakuja kuzika," alimwambia Mwatime. "Nesi wa Ng'ambo ni shemeji yake marehemu. Watakaa hapa mpaka tanga livunjwe, na kila mmoja ana simu kwenye pindo la khanga."

Walimwendea Nyanzige, aliyekuwa ndani na kinamama. Sijaona alimweleza bila kuzungusha: wanataka kuitumia mikeka yake kuwafundisha manesi kujua dawa ilipo.

Nyanzige aliinua macho. "Mngefanya wiki iliyopita," alisema.

"Ndiyo," alisema Mwatime. "Tungefanya."

"Fanyeni. Lakini msicheke."

Ndivyo siku ya maonyesho ilivyofanyika. Gwakisa alikuwa na nakala yake ya programu tangu mwanzo, kama walivyokuwa nayo wengine, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya kazi yao. Aliiwasha kwenye kompyuta kuukuu nyuma ya duka la ushonaji la dada yake. Utepe wa Mapembe haukuguswa. Wizara ilikuwa imefunga sanduku moja kwa fundo zuri, ikaamini imefunga programu, kama mtu aliyefungia wimbo ndani ya redio.

Chini ya turubai, kati ya dua na chai, nesi alimwonyesha nesi. Hakukuwa na jukwaa. Mmoja alibonyeza, akaona nukta ya zahanati yake, akamwinamia wa pembeni. Mwenye simu ngumu alisaidiwa. Wa Ng'ambo alipoandika kwamba sindano anazo, nukta yake ikageuka kijani kwenye simu za wenzake wote, na hapo vikombe vikawekwa chini, kwa sababu kila mmoja alijua barabara ya huko ni fupi kiasi gani. Nesi wa Ng'ambo aliifunika simu yake kwa khanga akalia.

Mapembe alikuja kuhani msiba, na shada la maua lenye kadi ya wizara. Aliona wanawake wameinamia simu.

"Mnaangalia picha za marehemu?" aliuliza kwa sauti ya msibani.

"Tunamwangalia, mkubwa," alisema Sijaona.

Mapembe aliguswa. Alitoa kitambaa chake, akajifuta macho, akauliza kama wali uliobaki una nyama.

*

Mheshimiwa Waziri alifika Jumamosi iliyofuata. Wajitolea walikuwa wamepanga viti. Kompyuta iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cha hariri, ingali na fundo lake, na Mapembe akapiga goti moja kumkabidhi mgeni rasmi mkasi wa dhahabu. Utepe ulikatwa. Kamati ya Makofi ilipiga makofi kwa awamu kama ilivyofundishwa, meza kuu kwanza, kisha wataalamu, kisha furaha ya wananchi.

Mheshimiwa alibonyeza kitufe. Kwenye kioo kikubwa ikatokea wilaya ya Bondeni, kijani kitupu kutoka mlima hadi mto, na ua moja la waridi kila kona. Ilikuwa picha. Mpwa wa Katibu alikuwa ameichora kwa ustadi, na kitufe hakikuunganishwa na kitu chochote.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa, itifaki ikiwa imezingatiwa mara tatu, "wapo watu waliozoea kuona nyekundu. Mtu wa aina hiyo hata akipewa tikiti maji ataanza na nyekundu ya ndani. Sisi tumesema hapana. Kuanzia leo, katika ramani ya taifa hili, hakuna zahanati isiyo na dawa. Wakoloni waliondoka hawajaweza hilo. Nasikia programu hii iliandikwa na watu wa kujitolea. Nawapongeza, na nawaagiza waendelee kujitolea, kwa sababu bajeti ya kuwashukuru imekwisha kwenye utepe."

Makofi. Ilikuwa wakati wa makofi hayo ambapo simu ya Mapembe ilitetemeka. Aliisikiliza, akainuka, akaenda nyuma ya hema walikokuwa manesi na birika zao. Jasho lilikuwa linamtiririka na kitambaa kilikuwa mkononi, hakitumiki.

"Nesi," alimwambia Sijaona. "Mama yangu ameumwa na nyoka shambani kwake. Wanamleta hapa kwa gari langu. Sindano iko wapi?"

"Ramani ile pale, mkubwa. Chagua yoyote."

"Nesi."

"Hospitali ya wilaya ni kijani. Kichangani kwangu ni kijani, tena kuna waridi. Mimi mwenyewe nimeshangaa."

Mapembe alitazama kushoto na kulia. Akashusha sauti mpaka ikawa pumzi tu.

"Si hiyo. Ile nyingine."

"Nyingine ipi, mkubwa?"

"Ile isiyokuwepo."

Sijaona angeweza kumfanya aseme tena. Lakini mwanamke aliyekuwa garini hakuwa amekata utepe wowote maishani mwake. Akatoa simu.

"Ng'ambo," alisema. "Wanazo. Njia ya chini maji yamejaa tangu jana. Pita darajani."

*

Askari wa daraja alipoona gari jeusi alipiga saluti. Mapembe alishuka mbio.

"Fungua upesi."

"Nifungue nini, mkubwa?"

"Daraja."

"Daraja lipi, mkubwa?"

Mapembe mwenyewe ndiye aliyemfundisha jibu hilo, na mara kwa mara alikuja kumpima. Mara ya mwisho askari alikuwa amesitasita kidogo akakatwa mshahara. Safari hii alisimama wima, kifua mbele, macho juu ya maji, akijua anafaulu.

"Hapa sioni daraja, mkubwa," alisema kwa fahari. "Naona mto."

Ndani ya gari mama yake Mapembe, Bi Nyabise, alikuwa akipumua kwa sauti ya kitambaa kinachochanika. Mapembe alifungua ala ya mahameli. Akatoa mkasi wa dhahabu, ambao Mheshimiwa alikuwa ameurudisha mara tu alipokata. Akakata. Utepe ulianguka mtoni, na gari likapita juu ya kitu kilichokuwa, tangu dakika hiyo, daraja.

Bi Nyabise alipata sindano, na baada ya siku kadhaa alikuwa anagombana na wauguzi kuhusu uji.

*

Wizara ilishughulikia jambo hilo kwa haraka isiyo ya kawaida. Uzinduzi wa daraja ulitangazwa kuwa batili, kwa kuwa aliyekata hakuwa mgeni rasmi, wala hapakuwa na makofi. Daraja likarudishwa katika hali ya kutokuwepo. Mapembe alisimamishwa kazi, akaomba radhi kwa maandishi, akasamehewa. Katika radhi yake alieleza kwamba alizidiwa na huzuni. Kuhusu namna alivyojua pa kwenda hakuandika kitu. Kazi yake ya kwanza aliporudi ilikuwa kufunga utepe mpya darajani kwa mkono wake, mpana kuliko wa zamani.

Manesi wanapita. Huinama kidogo chini ya utepe, sanduku la barafu lenye sindano likiwa kichwani, na askari huwageuzia mgongo, kwa kuwa sheria haimruhusu kuona watu wakitembea juu ya kitu ambacho hakipo. Nukta nyekundu ziko nyekundu. Taarifa ya wizara inasema kwamba tangu programu izinduliwe hakuna mtu aliyekufa kwa kukosa dawa mahali popote kwenye ramani, na taarifa hiyo ni sahihi. Kwenye ramani hakuna watu.

Bi Nyabise ndiye aliyebaki kuwa tatizo. Hukaa barazani kwake, mguu juu ya kigoda, na kila apitaye humsimulia alivyopona: kwa simu ya nesi, kwa daraja la Kengewa, kwa sindano ya Ng'ambo. Mapembe alikwenda kumsihi.

"Mama, usiseme umepona. Bado haijatangazwa. Ukisema umepona wataniuliza umeponea wapi, na ulikopita hakupo."

"Sasa nisemeje?"

"Sema unaendelea."

Bi Nyabise alifikiri. Ng'ambo ya njia, Nyanzige alikuwa anarudi kutoka shambani na panga la mumewe begani, kwa kuwa msimu ulikuwa haujaisha.

"Na mume wa yule," mama aliuliza, "naye tuseme anaendelea?"

Mapembe alitoa kitambaa chake akajifuta uso, ingawa asubuhi hiyo kulikuwa na baridi.